Jinsi ya Kushtua Watu Elfu Moja kwa Mpigo: Ndani ya Michezo ya Kutisha ya London na Broadway

Kabla sijaachana na kampasi (hiyo ni stori ya siku ingine, juu mamangu husoma hizi vitu zangu), nilikuwa kwa kikundi cha drama. Siku moja tukaamua kuweka mchezo wa mzimu. Kazi yangu ilikuwa swichi ya taa, pale karibu na mlango. Dem wa kuigiza mzimu alipakwa poda uso mzima, akavaa dera nyeupe, akaambiwa atoke polepole kwa giza, halafu mimi niwashe. Nikawasha. Taa zenyewe zilikuwa zile ndefu za tyubu, basi zikaanza kupepesa kwanza, tik, tik, tik, kama zinafikiria. Zilipowaka vizuri dem alikuwa amesimama tu hapo katikati, anangoja. Kimya ya sekunde mbili hivi. Halafu msee mmoja wa nyuma akauliza, "Sista, hiyo unga ni ya chapo ama ya mandazi?"

Mchezo ulikufa hapo hapo. Ulikuwa umebakisha dakika 50, na kila mara huyo dem akitokea, ukumbi mzima unapiga nduru, "Chapo!" Alilia nyuma ya pazia mpaka poda ikatengeneza mistari usoni, na maze, hiyo ndiyo kitu pekee ya kutisha iliyoonekana usiku huo.

Nilidhani ni sisi tu hatujui kazi. Kumbe wasee wa London na New York, wenye bajeti zao za mamilioni ya dola, wanaogopa kitu hiyo hiyo: mtu mmoja kucheka mahali hapafai. Komedi ikikosa kuchekesha, watu wananyamaza tu. Mchezo wa kutisha ukikosa kutisha unageuka komedi, na tiketi ilishalipwa. Wacha nikuonyeshe vile wanajikinga.

Shida ya ukumbi mkubwa

Muvi ya kutisha iko na kamera, na kamera ni kama msee amekushika kichwa. Angalia hapa, sasa hapa, sasa ndani ya kabati. Kwa jukwaa hakuna mtu amekushika kichwa. Uko huru kuangalia mwigizaji, jirani yako, simu yako, ama mapambo ya dari. Msee wa siti ya mbele anaona jasho la mwigizaji. Msee wa balkoni ya juu kabisa anaona utosi wake. Hao wawili wanafaa kuruka sekunde moja.

Halafu hizi ni kumbi za biashara. Kwa West End ya London na Broadway ya New York, mchezo wa kibiashara haubebwi na serikali wala mfadhili. Kuna wawekezaji wametoa doo ya kujenga kila kitu kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na kila wiki kuna kodi ya ukumbi, mishahara, stima, matangazo. Kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki. Maana yake mzimu hana siku ya homa. Anafaa kutisha Jumamosi usiku ukumbi ukiwa umejaa wasee wamekunywa moja mbili, na anafaa kutisha mchana wa katikati ya wiki, siti nusu ziko tupu, na mzee wa mstari wa tano anafungua karatasi ya peremende polepole akidhani anasaidia. Hiyo karatasi ni adui kuliko simu.

Wanaume wawili na kikapu

Kama utajua mchezo mmoja tu wa aina hii, jua The Woman in Black. Susan Hill alitoa riwaya yake 1983. Mwaka 1987 Stephen Mallatratt akaigeuza kuwa mchezo wa ukumbi wa Stephen Joseph, kule Scarborough, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza. Haikuwa mpango mkubwa. Mwelekezi Robin Herford alitaka stori ya mizimu ya msimu wa Krismasi, lakini bajeti iliyobaki ilikuwa ndogo, waigizaji walifaa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa angalia riwaya yenyewe: iko na watu wengi, treni, gari la farasi, mbwa, nyumba kubwa iliyozungukwa na kinamasi, na ukungu wa bahari. Ukipelekea prodyusa wa kawaida hiyo kitu anakuambia hii ni muvi, enda utafute kamera.

Mallatratt akafanya hivi. Akasema stori inatendeka ndani ya ukumbi wa michezo, ukiwa mtupu. Kuna mzee wakili, Arthur Kipps, aliyeona mambo akiwa kijana na hayajawahi kumwachilia. Anakodi mwigizaji amsaidie kuyasimulia mbele ya familia yake, labda atapata usingizi. Mzee mwenyewe hajui kuigiza, anasoma kama mtoto wa darasa la tatu kwa paredi, na watu wanamcheka. Mwigizaji anachukua nafasi ya Kipps kijana, mzee anachukua nafasi za watu wengine wote. Vifaa ni vichache: viti, makoti, kikapu kikubwa cha nguo. Kikapu ni gari la farasi. Kikapu ni meza ya ofisi. Kikapu ni kitanda.

Hapo ndipo ile shida ya ukumbi mkubwa inatatuliwa bila hata senti. Kama stori iko ndani ya ukumbi wa michezo, basi jengo lenye mzimu ni hili hili umekalia. Huwezi kujiambia mambo yako mbali kule jukwaani. Taa ikipepesa, ni taa iko juu ya kichwa chako. Mlango ukilia nyuma, ni mlango uliingilia.

Na kuna mbwa anaitwa Spider. Hakuna mbwa. Kuna mluzi, kuna mkono unashuka kana kwamba unapapasa manyoya, kuna macho ya mwigizaji yanafuata kitu kinakimbia. Baada ya dakika kadhaa ukumbi mzima unamuona. Mbwa akiingia kwenye matope ya kinamasi, watu wazima wenye kazi na mikopo wanashika viti, wanaogopea mbwa ambaye hajawahi kuwa. Nikisoma kuhusu hiyo sini ndio nilielewa kosa letu la poda. Sisi tulionyesha kila kitu. Hatukumwachia mtazamaji kazi yoyote.

Mchezo ulifika London 1989, na Juni mwaka huo ukaingia ukumbi wa Fortune, siti 432. Hiyo ni kama basi 13 za abiria 33. Ulikaa hapo mpaka tarehe 4 Machi 2023, baada ya maonyesho 13,232. Kwa West End, mchezo usio wa muziki uliokaa zaidi ya huo ni The Mousetrap peke yake. Sehemu ya siri ni shule: ulisomwa na wanafunzi wa drama Uingereza, basi walimu wakawa wanaleta mabasi kwa mabasi, vile sisi tulikuwa tunapelekwa kuona setibuku. Na wewe unajua vile ukumbi wa wanafunzi unakuwanga. Mmoja akipiga nduru, mia wanafuata kabla hawajajua ni nini. Woga unaambukizana kuliko homa, na hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa wengi.

Huyo mwanamke mwenyewe anavaa nguo nyeusi, hasemi neno, na unamuona kidogo sana. Mwisho wake siwezi kukuambia. Ukipata nafasi uende bila kujua.

Kitambaa, giza na sauti

Nyuma ya jukwaa la huo mchezo kuna kitambaa chembamba chenye matundu madogo madogo, kama neti ya mbu lakini nzito zaidi. Ukikipiga mwanga kutoka mbele, kinaonekana ukuta. Ukizima mbele na kuwasha nyuma yake, ukuta unayeyuka na unaona chumba kizima kilichokuwa hapo muda wote. Haina kompyuta, haina moshi. Unaeza kuifanya na pazia la keja yako na tochi mbili, jaribu usiku.

Giza nalo lina hesabu yake. Jicho likitoka kwa mwanga mkali linachukua dakika kadhaa kuzoea giza, si sekunde. Ndio maana mara nyingi taa haizimwi tu. Kwanza inakupiga usoni, halafu inakufa. Katika hizo sekunde chache wewe ni kipofu kabisa, na mtu amevaa nyeusi anaweza kutembea hatua kumi mbele yako bila kujua. Yeye mwenyewe pia haoni. Anahesabu hatua, anafuata vipande vidogo vya tepu inayong'aa iliyobandikwa sakafuni. Pembeni, msimamizi wa jukwaa anaangalia skrini ya kamera ya infraredi inayoona gizani, na ndiye anayesema "enda" kwa kila taa na kila sauti. Kama hajaona mwigizaji amefika salama, neno halitoki mdomoni.

Sauti ndiyo mkubwa wao wote. Macho unaeza kufunga, masikio huwezi. Spika zinawekwa mbele, nyuma yako, pembeni, na kwa dari, na zile za sauti ya chini sana unazisikia kwa kifua kabla ya masikio. Lakini wasee wa sauti watakuambia kazi iko kwa kimya. Jirani yako akifunga mlango wa chuma mchana, hata hugeuki. Akifunga huo huo saa nane usiku unakaa kitandani wima. Mlango ni ule ule. Basi wanakutengenezea saa nane usiku kwanza: wanapunguza upepo, wanapunguza mziki, waigizaji wanaongea chini mpaka unainama mbele kusikia. Ukishainama, umekwisha.

The Exorcist ilipofika ukumbi wa Phoenix, London, 2017, walimkodi Ian McKellen awe sauti ya shetani. Mzee mwenyewe hakupanda jukwaani. Alirekodiwa, na mwigizaji wa kike anafungua mdomo, sauti ya mzee inatoka. Watu wanaojua ni rekodi bado walishikwa na ubaridi. Sikio haliulizi maswali.

Taa ambazo haziruhusiwi kuzimwa hovyo

Hapa ndio mahali stori inaacha kuwa mchezo.

Desemba 30, 1903, Chicago, ukumbi wa Iroquois. Ulikuwa mpya, haujamaliza hata miezi miwili tangu ufunguliwe, na matangazo yalisema hauwezi kushika moto. Ilikuwa onyesho la mchana la likizo, wengi walikuwa akina mama na watoto, mchezo ulikuwa wa kuchekesha. Cheche ya taa ikashika pazia. Pazia la kuzuia moto likakwama likishuka. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine imefichwa nyuma ya mapazia ya urembo, mingine ilikuwa na komeo ambazo mtu wa kawaida hajui kufungua. Walikufa watu 602.

Msee mmoja muuza vifaa vya ujenzi wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa amepangiwa kuwa ndani ya ukumbi huo siku hiyo na hakuenda. Jambo hilo halikumtoka. Yeye na wenzake ndio waliofanya kazi mpaka kikatoka kile chuma cha kulala kwenye mlango wa dharura, unakisukuma na mwili na mlango unafunguka. Kiko kwa mall yako hapa Nairobi. Umekisukuma mara mingapi bila kujua ni cha nini?

Sasa rudi kwa mwelekezi wa mchezo wa kutisha. Yeye anataka giza totoro. Zile taa za kijani juu ya milango zinamharibia. Anaziona kwa ndoto. Lakini hizo taa ziko hapo juu ya wale watu, na sheria haimruhusu kuzizima vile anapenda. Kila kitu kinaongewa na wakaguzi kabla: giza litakuwa sekunde ngapi, nani amesimama kwa kila mlango na tochi, taa za ukumbi zitarudi kwa kubonyeza kitu gani na nani. Wewe ukiwa kwa siti unadhani umeachwa peke yako na shetani. Ukweli ni kwamba kuna watu kadhaa wanakuangalia ili ukianguka, ama ukianza kukimbia, wakufikie.

Na watu huanguka kweli. Hamilton Deane alipoleta Dracula London 1927 aliweka nesi ndani ya ukumbi, na ingawa nusu ya hiyo ilikuwa kiki ya kuuza tiketi, haikuwa kiki tupu. Siku hizi wanaandika onyo mapema: mwanga wa kupepesa, kelele za ghafla, umri. Ghost Stories ya Jeremy Dyson na Andy Nyman, iliyotoka 2010, ilisema wazi haifai watoto chini ya miaka 15. Onyo hizo pia zinauza tiketi, tusidanganyane.

Mashine

Watu wa zamani hawakuwa washamba. Mwaka 1820, kwa mchezo wa vampaya wa James Planché pale London, walitengeneza mlango wenye springi ambao mwigizaji anaupita kama amepita ukuta, na unajifunga nyuma yake. Mpaka leo wazungu wa jukwaani wanauita kwa jina la vampaya. Kola ndefu ya Dracula, ile imesimama nyuma ya kichwa? Ilitoka jukwaani. Akigeuka kukupa mgongo, kola inaficha kichwa, na mwigizaji anashuka kwa tundu la sakafuni wengine wakibaki wameshika joho tupu. Bela Lugosi alivaa hizo nguo Broadway 1927, kabla ya muvi.

Krismasi ya 1862 profesa John Henry Pepper alionyesha London mzimu unaotembea, kwa kutumia kioo kikubwa kilichoinamishwa na mwigizaji aliyefichwa chini ya jukwaa akimulikwa taa kali. Wewe unaijua hii sayansi. Ukiwa kwa mathree usiku, taa za ndani zimewaka, unaangalia dirisha na unaona barabara na sura yako zikiwa pamoja. Huo ndio mzimu wa Pepper. Wewe ndiye mzimu.

Kutoka hapo ruka mpaka Stranger Things: The First Shadow. Ilianza London mwishoni mwa 2023, ndani ya Phoenix ile ile ya The Exorcist, na 2025 ikafika Broadway kwa ukumbi wa Marquis, siti zaidi ya 1,500. Kate Trefry aliandika, Stephen Daldry na Justin Martin wakaelekeza, Netflix ikiwa ndani ya biashara. Inaanza 1943 na meli ya kivita, na ndani ya dakika chache meli nzima iko shida mbele ya macho yako. Mazingaombwe yamepangwa na Jamie Harrison na Chris Fisher, na mwaka huo wa 2025 wao na wenzao wawili wa ufundi walipewa Tony maalum kwa kazi hiyo tu. Hapa hakuna kikapu. Hapa ni chuma, video, moshi, nyaya, na jeshi la wafanyakazi nyuma ya pazia.

Mimi hiyo ya meli naiheshimu. Lakini nikiulizwa ni gani ningetaka kulipia mara ya pili, ni ya kikapu. Mashine kubwa inakufanya useme "wamefanyaje?", na mtu anayeuliza wamefanyaje ameshaacha kuogopa.

Damu na hasara

Paris kulikuwa na Grand Guignol, kanisa dogo lililogeuzwa ukumbi wa siti 293, kutoka 1897 mpaka 1962. Kazi yao ilikuwa kukata, kuchoma na kung'oa macho, vyote vya uongo. Mwigizaji wao Paula Maxa aliuawa jukwaani maelfu ya mara. Lakini usiku mmoja hawakuweka mauaji peke yake. Walipanga mchezo wa kutisha, halafu komedi fupi, halafu wa kutisha tena. Walijua mtu hawezi kukaza misuli saa mbili mfululizo. Lazima umlegeze ndio umkaze tena. Na watu lazima wacheke mahali fulani, basi afadhali wewe ndiye uwachagulie mahali. Ndio maana The Woman in Black inaanza na mzee anayesoma vibaya. Kicheko kikishatoka mapema hakibaki cha kukutorokea baadaye.

Damu kwa ukumbi mdogo ni noma. Kwa ukumbi mkubwa ni kazi ya dobi. Ni sukari na rangi, inateleza, mwigizaji anaweza kuvunjika mguu, nguo zinafaa kuwa pea kadhaa juu siku ya maonyesho mawili hakuna muda wa kufua na kukausha. Na wa balkoni anaona tu doa.

Uliza Carrie. Stori ya Stephen King, ikafanywa mchezo wa muziki, ikaanzia Uingereza na kuingia Broadway Mei 1988 na bajeti ya dola karibu milioni 8. Kilele cha stori kila mtu anakijua: ndoo ya damu inamwagikia msichana. Shida ikawa damu ikimwagika maikrofoni ya mwigizaji inaharibika, na bila maikrofoni hawezi kuimba. Basi kile kitu watu walikuja kuona kikapunguzwa. Baada ya kufunguliwa rasmi, ilicheza mara 5 tu. Ikafungwa.

Vampaya pia wamezika watu huko. Dance of the Vampires, 2002, maonyesho 56. Lestat, 2006, maonyesho 39. Halafu unaona Dracula ya 1977, na mandhari yaliyochorwa na Edward Gorey kwa rangi nyeusi na nyeupe, nyekundu ikidondoshwa mahali pamoja pamoja tu, na iliendelea mpaka maonyesho 925. Doo nyingi haikuwa tofauti yao.

Ile form wasee wa London wameishika sasa ni 2:22 A Ghost Story ya Danny Robins, ya 2021. Watu wanne, jikoni moja, chakula cha jioni, mtoto amelala juu, na saa ya ukutani inayosonga kuelekea saa nane na dakika ishirini na mbili usiku. Nje mbweha wanalia, na mlio wa mbweha ni kama mtoto ananyongwa. Seti ni moja, waigizaji wachache, basi gharama ya wiki haiwaui. Wakaanza na mwimbaji Lily Allen, halafu kila msimu wanaingiza sura mpya maarufu na kuhamia ukumbi mwingine. Mashabiki wa staa wanajaza siti, saa inafanya kazi iliyobaki.

Kama ni wewe

Tuseme uko na mbogi yako na mnataka kuweka kitu ya kutisha Nairobi, hata kama ni Kenya National Theatre kwa wikendi moja. Hapa tumezoea komedi, basi ukumbi wako utaingia ukiwa tayari kucheka. Usipigane nao. Wape kicheko dakika kumi za kwanza, halafu ukate.

Kalia kila kona ya ukumbi kabla ya siku ya onyesho, hasa siti za pembeni, juu mzimu wako anaweza kuwa anaonekana akingoja zamu yake na chupa ya maji mkononi. Jua nani anawasha taa za ukumbi mambo yakiharibika. Fungua milango yote ya dharura kwa mkono wako, usiulize mlinzi kama inafunguka. Stima ikipotea katikati, watu wasidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu mmoja mwenye tochi aongee mara moja. Kama kuna maonyesho ya majaribio, mwelekezi akae nyuma na daftari aandike kila mahali wamecheka, na kila mahali wamekohoa. Wakikohoa wamechoka.

Na yule dem wetu wa poda, nikipewa nafasi tena, singemweka jukwaani. Ningemvisha nguo nyeusi, nimsimamishe nyuma kabisa, mgongoni mwa yule msee wa chapo, kabla watu hawajaingia. Angekaa hapo bila kusonga dakika 20. Taa ningezizima badala ya kuziwasha, halafu yeye avute pumzi moja kwa nguvu karibu na sikio la huyo jamaa. Pumzi moja tu. Nduru yake ingefanya kazi yote iliyobaki.

Na hizo tyubu ningezing'oa asubuhi.